Kadi za Neno Moja

Kitabu kimeegemezwa kwenye kishikizo cha mbao, kurasa zimebanwa kwa vibanio, na kompyuta bado haijawashwa. Mfasiri ameshika penseli nyekundu. Hii ni mara ya pili anaisoma riwaya hii ya Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho, na bado hajaandika hata neno moja la Kijerumani. Mara ya kwanza aliisoma kwa ajili ya kisa. Sasa anasoma polepole zaidi, na kila anapokutana na neno "mind" analizungushia duara, kisha anaingia sentensi inayofuata.

Ameniruhusu nikae pembeni ya meza yake nitazame, kwa sharti nisitaje jina lake wala jina la kitabu, kwa sababu tafsiri haijatoka bado. Kisa chenyewe naweza kukieleza kwa ufupi. Binti mmoja, dereva wa lori, anarudi kuishi na baba yake mzee ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Mwandishi hapendi maneno makubwa. Ameteua neno moja la kila siku akalipitisha katika kitabu kizima kama uzi katika shanga. Binti anamwangalia baba, neno ni hilo. Akili ya baba inamponyoka, neno ni hilo. Binti anabadili nia, jirani anasema kusubiri si tatizo kwake, daktari anaeleza kinachoendelea kichwani mwa mzee, na kote huko Kiingereza kinatumia neno lile lile.

Aliyesoma Kiingereza shuleni anajua jinsi neno hili linavyojigeuza. Likiwa nomino ni akili, fikra, kumbukumbu, nia, na pengine moyo, kwa maana ile tunayoikusudia tukisema mtu ana jambo moyoni. Likiwa kitenzi ni kuangalia, kutunza, kujali, kukereka, kujihadhari. Katika treni za chini ya ardhi za London abiria huonywa kwa neno hili hili waangalie pengo lililo kati ya behewa na jukwaa. Kijerumani hakina neno moja la kuyabeba yote hayo. Kina maneno mengi, tena kila moja lina mipaka yake, na Mjerumani anaijua mipaka hiyo bila kufundishwa.

Duara zikishakamilika, zinakuja kadi. Ni kadi za karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja. Kila mahali neno lilipotokea panapata kadi yake: juu ukurasa, katikati sentensi nzima kwa Kiingereza, chini yake anayesema, anayeambiwa, na hali waliyo nayo. Sehemu ya chini ya kadi inaachwa tupu kwa ajili ya Kijerumani, na hapo huandika maneno matatu au manne yanayowezekana bila kuchagua lolote. Nilidhani angechagua papo hapo, maana anaijua kazi hii kwa miaka mingi na majibu mengi yalikuwa wazi hata kwangu. Hakuchagua. Kadi ya ukurasa wa kwanza ilingoja kadi ya ukurasa wa mwisho.

Desturi ya kuandika uamuzi wa mfasiri kwenye vikaratasi ina wazee wake Ujerumani. Elmar Tophoven, aliyezaliwa mwaka 1923 katika mji mdogo wa Straelen karibu na mpaka wa Uholanzi, alitafsiri kazi za Samuel Beckett kwa Kijerumani, na kwa miaka mingi alikuwa akimsomea Beckett rasimu zake kwa sauti mjini Paris ili mwandishi asikie kama mdundo umebaki. Alikuwa akiweka kumbukumbu ya matatizo na njia alizozipata, akitaka wafasiri wengine waone kazi inavyofanyika badala ya kuona tokeo tu. Mwaka 1978 alishiriki kuanzisha Straelen nyumba ya wafasiri, Europäisches Übersetzer-Kollegium, ambako mfasiri kutoka nchi yoyote anaweza kwenda kukaa na kazi yake katikati ya maktaba yenye vitabu zaidi ya 100,000. Ninapoona kadi hizi zikipangwa, naona zimetoka katika malezi hayo.

Sasa kadi zinatandazwa mezani na kugawanywa mafungu. Fungu la kutunza na kujihadhari linakwenda kushoto. Fungu la kujali na kukereka, lile la jirani na watu wa ofisini, linakaa katikati. Kulia ni fungu kubwa kuliko yote, la nomino: akili, kumbukumbu, nia. Kadi chache zinabaki juu peke yake, hazijapata kwao. Hizo ni kadi za maneno mawili ambayo baba huyasema mara kwa mara, "never mind", na mfasiri anazisukuma mbali kidogo kwa ncha ya kidole, maana anajua zitamchukua muda.

Anaanza na fungu la kulia. Kwa nomino hii kamusi humpa kwanza "Geist". Ni neno kubwa na la heshima, lakini lina wakazi wengi. Geist ni akili kwa daraja yake ya juu, ni roho, na pia ni mzimu. Roho Mtakatifu kwa Kijerumani ni Heiliger Geist, na kuna pombe kali ya matunda ya rasiberi inayoitwa Himbeergeist. Katika kamusi kubwa ya Kijerumani iliyoanzishwa na ndugu Jacob na Wilhelm Grimm, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1854, kidahizo cha Geist kiliandikwa na Rudolf Hildebrand na kinajaza safu zaidi ya mia. Jacob Grimm mwenyewe hakukifikia. Alifariki mwaka 1863 akiwa kwenye Frucht, yaani tunda, na kamusi ikakamilishwa na vizazi vilivyofuata mwaka 1961. Waingereza nao walisumbuka na neno hili kutoka upande wa pili. Kitabu cha mwanafalsafa Hegel cha mwaka 1807 chenye Geist katika anwani yake kilipotafsiriwa na Baillie mwaka 1910 kiliitwa kwa "mind". Miller alipokitafsiri upya mwaka 1977 akaweka "spirit". Wote wawili walikijua Kijerumani vizuri sana.

Mfasiri anavijua visa hivi, na hata hivyo anaijaribu Geist kwa haki. Anachukua sura moja nzima na kuiandika kwa penseli, Geist kila mahali, ili asikie. Inakwenda salama hadi pale binti anapoamka usiku, anamsikia baba yake akitembeatembea ukumbini, na kuwaza juu ya akili ya mzee inavyozunguka ndani ya nyumba ikitafuta kitu. Mfasiri anaisoma sentensi yake ya Kijerumani kwa sauti, na mara moja nyumba ina mzimu. Hakuna msomaji wa Kijerumani ambaye asingeuona. Anafuta sura yote kwa kifutio, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

Anafungua kitabu cha Franz Dornseiff, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1934, ambacho hupanga maneno ya Kijerumani kwa mafungu ya maana badala ya alfabeti. Kitabu kimechakaa kwenye mgongo. Anashuka na kidole: Verstand, Sinn, Gemüt, Seele, Gedächtnis, Kopf. Kila moja analiweka mbele ya kadi na kulisikiliza. Verstand ni akili ya kupambanua mambo, na ndiyo Mjerumani anayosema mtu ameipoteza akirukwa na akili, lakini mzee huyu hakurukwa na akili, anasahau. Gedächtnis ni kumbukumbu tu, na baba anapoteza zaidi ya kumbukumbu. Seele ni nafsi. James Strachey, aliyesimamia tafsiri kubwa ya Kiingereza ya Freud, mara nyingi aliweka "mind" mahali Freud alipoandika Seele, na mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alikuja kulalamika kwamba hapo Waingereza walinyimwa nafsi wakapewa akili. Mfasiri wetu angeweza kuirudisha kwa njia ile ile, lakini binti huyu anaendesha lori na hasemi habari za nafsi akiwa jikoni.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili, aliyezoea ngeli, ataliona upesi. Kila nomino ya Kijerumani ina jinsia yake, na viwakilishi vyote vya baadaye huifuata. Geist ni ya kiume, Seele ya kike, Gedächtnis si ya kiume wala ya kike. Mwandishi wa Kiingereza anataja neno mara moja, kisha kwa sentensi nne anasema "it" na "it" na "it". Neno likibadilika katika sentensi ya kwanza, sentensi nne zinabadilika pamoja nalo, na ikiwa karibu hapo kuna "yeye" ambaye ni baba, nomino ya kiume itamchanganya msomaji asijue ni baba anayepotea au akili yake. Kwenye kila kadi mfasiri anaandika jinsia kwa herufi ndogo pembeni.

Kilichobaki ni Kopf, kichwa. Ni neno la mtaani, la gereji, la watoto. Anaanza kuzipitia kadi nalo. Mjerumani akiwa na jambo lisilomtoka husema halimtoki kichwani. Akiazimia kitu, amejiwekea kichwani. Mzee ambaye mambo yameanza kumchanganyikia hayuko wazi tena kichwani. Kadi zinageuka moja baada ya nyingine, na mfasiri hatabasamu wala hasemi kitu, ila mkono wake unakwenda kasi zaidi. Kopf inabeba sehemu kubwa ya fungu, inakaa vizuri mdomoni mwa binti, na ina faida ambayo Kiingereza hakikuwa nayo: kichwa kinaweza kushikwa. Katika riwaya binti humwosha baba nywele. Kwa Kiingereza tendo hilo ni tendo la kuosha nywele tu. Kwa Kijerumani msomaji ataona mikono ya binti ikishika kitu kile kile alichokuwa akikihofia tangu sura ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoona ufundi ambao nisingeufikiria. Neno likishateuliwa kuwa uzi, inabidi lilindwe. Mfasiri alipitia rasimu nzima kutafuta Kopf zilizojiingiza bila sababu. Kuna mahali mtu anatikisa kichwa kukubali. Kijerumani kina kitenzi "nicken" kinachojitosheleza, basi kichwa kikaondolewa. Pale mtu anapokataa kwa kutikisa kichwa, Kijerumani hudai kichwa kitajwe, na mfasiri akatafuta njia nyingine: huyu akanyanyua mkono, yule akakaa kimya, mwingine akasema hapana. Alifanya hivyo katika kurasa ambazo hakuna msomaji atakayegundua kuwa kitu kimeondolewa.

Si kila kadi iliingia. Daktari hawezi kusema Kopf. Daktari wa Kijerumani anapozungumzia kudhoofika kwa akili hutumia kivumishi "geistig", na kwa hiyo Geist ilirudi kwa mlango huo, ikiwa imevaa koti jeupe, bila mzimu. Utulivu wa akili, ambao shangazi anamtakia binti katika barua, ulikuwa na mtego: Seelenruhe ipo katika kamusi, lakini Mjerumani wa leo akiisikia humfikiria mtu anayefanya mambo yake taratibu huku wenzake wakimngoja. Mfasiri akaandika "Ruhe" tu, utulivu, akauacha uzi ukatike hapo. Nilimwuliza kama inamuuma. Alisema pale panapokatika bila kelele panaweza kulipwa kwingine, na akanionyesha ukurasa ambapo Kiingereza kilikuwa na kitenzi cha kukumbuka, naye akaweka msemo wenye kichwa.

Fungu la kushoto lilikuwa jepesi zaidi, ila nalo lilikuwa na njia panda. Kumwangalia mgonjwa kwa Kijerumani ni "pflegen", neno sahihi kabisa. Lakini Ujerumani ina bima ya lazima ya matunzo tangu mwaka 1995, Pflegeversicherung, na mgonjwa hupangiwa daraja kuanzia 1 hadi 5. Ukitamka pflegen, fomu na wakaguzi wameshafika mlangoni. Binti wa riwaya hajafika huko. Mfasiri akachagua "aufpassen", kitenzi cha kuangalia mtoto, kuangalia mzigo, na pia cha kuonya: "Pass auf!" ndiyo kelele anayopigiwa mtu anayekaribia kujikwaa. Katika sura ya utotoni baba humwonya binti juu ya ngazi iliyovunjika. Katika sura ya uzeeni binti humwangalia baba. Kitenzi kimoja kikaishika mikono yote miwili. Na kwa kuwa ni kitenzi kinachogawanyika, kipande chake "auf" huanguka mwisho wa sentensi, mfasiri aliweza kumweka baba katikati, kati ya "passe" na "auf".

Fungu la katikati lilikwisha mchana mmoja. Kila hali ya adabu ina msemo wake wa Kijerumani, na kazi ilikuwa kuamua nani anamwita nani "du" ya mazoea na nani anamwita "Sie" ya heshima.

Zikabaki kadi za juu. Baba husema "never mind" mara ya kwanza binti akiwa mtoto, amevunja kikombe cha marehemu mama yake na anatetemeka. Husema tena na tena katika maisha yao. Mara ya mwisho ni mzee, anaanza kumwita binti, jina haliji, anajaribu tena, kisha anasema maneno yale yale mawili na kunyamaza. Kwa kikombe, Kijerumani kina "Macht nichts", ambayo ni haidhuru yetu barabara. Kwa jina lililopotea haifai, maana hapo kuna dhara. "Egal" ingeonyesha mzee hajali. Halafu ikaja "Vergiss es", sahau, katika kitabu cha kusahau. Mfasiri aliiandika, akaiweka mbele yake, na mimi nikaona imepatikana. Aliiangalia muda mrefu. Kisha akanieleza: kwa Kijerumani ni kali, huambiwa mtu anayesumbua, na baba huyu hajawahi kuwa mkali. Tena imejua mno kwamba ni ya kijanja, ilhali mwandishi wa Kiingereza alikuwa ameyatumia maneno mawili ambayo hayajionyeshi. Akaifuta.

Kimoyomoyo nilikuwa na jibu langu lisilomsaidia. Kwetu mtoto aliyevunja kikombe huambiwa "basi, mwanangu, basi", na mzee anayeshindwa kulimaliza neno husema "basi" hiyo hiyo. Nilimwambia, naye akaliandika nyuma ya kadi kwa tahajia sahihi na kuniuliza linasemwa kwa sauti ya kupanda au ya kushuka. Nilipomwonyesha kwamba huanza juu likashuka, alirudi kwenye Kijerumani akitafuta kitu kinachoshuka hivyo.

Alikipata siku nyingine, katika msemo ambao ulikuwa kwenye kadi tangu mwanzo, wa tatu katika orodha: "Schon gut". Mjerumani humwambia hivyo anayelia, akimpapasa bega. Husema hivyo pia anapotaka mazungumzo yaishe, anaposalimu amri. Ukimsomea mtoto unabembeleza, ukimsomea mzee unakata tamaa, na herufi hazibadiliki. Aliuingiza katika kadi zote za fungu hilo, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, akasoma sehemu zote mfululizo kwa sauti, akasimama, akazisoma tena kwa sauti ya chini. Wafasiri wa vitabu Ujerumani hulipwa kwa ukurasa wa kiwango, mistari 30 yenye mibonyezo 60 kila mmoja. "Schon gut" ni mibonyezo tisa pamoja na nafasi iliyo katikati.

Mswada ulirudi kutoka kwa mhariri ukiwa na maoni pembeni. Mengi mfasiri aliyakubali kwa furaha. Kopf mbili zilizokaribiana mno zilikuwa zimempita, na mhariri alikuwa ameziona. Kwenye sentensi ya jina lililopotea mhariri alipendekeza "Macht nichts", kwa kuwa ndiyo Mjerumani angeisema kwa kawaida. Mfasiri alimjibu kwa kuorodhesha kurasa zote ambamo baba amekwisha kusema "Schon gut", bila hoja nyingine, na mhariri akauondoa mstari wake.

Prufu zilipofika, alizisoma akiwa na rula chini ya kila mstari. Karibu na mwisho alikuta kwamba katika kupanga kurasa "Schon" imebaki mwishoni mwa mstari na "gut" imeshukia mstari wa chini. Aliweka alama ya kuunganisha pembeni, akaandika ombi fupi, na mpangaji akabana nafasi za mstari wa juu hadi maneno yote mawili yakaenea.